Kiti Kilichorudishwa Nyuma

Kwenye lango la soko kuu, saa watu wanagombania njia, gari dogo jeupe liligoma katikati. Honi zikalia. Dereva alikuwa mwanamke mfupi mwenye gauni la njano na unga kwenye kiwiko, anavuta gia kama anang'oa jino. Kiti cha nyuma kilibeba keki ya harusi ya ghorofa tatu.

"Dada, usiivute hivyo, utaivunja," alisema mwanamume wa ovaroli ya bluu, ametoka tu dukani kununua spea.

"Wewe nani?"

"Fundi. Pedali ya klachi imelala?"

"Imelala kama mume mvivu."

"Unaye?"

"Klachi au mume?"

Fundi akacheka, akafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kikavu. Akaingia chini ya gari, akakuta ubavu wa giaboksi umelowa.

"Silinda ya chini inavuja," alisema. "Mafuta yametoka, upepo umeingia. Ukikanyaga unasukuma upepo mtupu. Sasa nisaidie, kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shikilia, usiachie mpaka niseme."

Alijaza mafuta, akarudi chini na spana. Mwanamke akakanyaga, akashikilia. Fundi akalegeza nati ndogo, upepo ukatoka kwa mapovu, akaikaza. "Achia!" Wakarudia, na kurudia, mpaka pedali ikawa ngumu. Keki ilifika harusini nzima, na fundi naye alifika, ovaroli na yote.

Mapenzi yakaanza hapo. Akamwita Keki, naye akaitwa Fundi Wangu. Silinda mpya ilikuwa adimu, kwa hiyo klachi ililala mara kwa mara, na kila ikilala walikutana.

Lakini fundi huyu alikuwa na wivu. Nasema wivu, siyo utani. Wanawake wawili walishamkimbia kwa sababu hiyo hiyo, na huyu wa tatu ndiye aliyempenda kuliko wote.

Siku moja simu ililia.

"Fundi wangu, klachi imelala tena."

"Aha. Klachi ikisimama nasahaulika. Ikilala, mimi ni fundi wangu."

"Maneno gani hayo, mpenzi?"

"Jana nimekuona unacheka na yule wa duka la maua."

"Ni mteja wangu!"

"Mteja ndiyo anaonyeshwa meno mpaka magego? Hunihitaji mimi, Keki. Unahitaji spana yangu."

Simu ikakatwa, na aliyeikata ni Keki. Haikulia tena wiki nzima. Fundi alikula bila hamu, akamfokea kila mteja. Mwishowe alizunguka maduka mpaka akaipata ile silinda, akaifunga kwenye gazeti, akaenda nayo kwa Keki kuomba yaishe.

Gari lilikuwa uani. Akafungua boneti kwanza, ugonjwa wa mafundi. Kikopo kimejaa mafuta mapya. Kuna mtu ameyajaza. Akafungua mlango: kiti cha dereva kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, na ndani kunanuka dawa ya kuchua misuli. Akachungulia chini. Ile nati yake ndogo imeliwa pembe zote.

Miguu mirefu. Anajichua. Mcheza mpira! Na siyo fundi hata kidogo.

Keki alitoka jikoni na aproni, uso umeng'aa. "Umekuja!"

"Nani amelala chini ya gari hili?"

Uso ukazimika. "Gari ni langu."

"Nati imeliwa! Amekuja na spana malaya!"

"Chunga mdomo wako kwenye uwanja wa mama yangu!"

"Ndilo jina la spana yenyewe! Ile ya kuongeza na kupunguza!" Akapiga kiti ngumi. "Na huyu mwenye miguu ya twiga ni nani?"

Keki alimtazama mpaka macho yakajaa machozi. Angeweza kumjibu kwa neno moja. Hakutaka. "Ondoka. Na silinda yako ondoka nayo."

Fundi alikuwa ameshageuka kwenda getini mlango wa nyumba ulipofunguliwa. Mama yake Keki akatoka, mguu mmoja umenyooka kama ufagio, na ile harufu ya dawa ikamtangulia.

"Kelele za nini? Twiga ni mimi."

"Mama?" aliuliza fundi.

"Goti langu halikunjiki, nikarudisha kiti. Mwenzako amelala chini huko na spana ya kuazima kwa jirani. 'Kanyaga mama, shikilia mama.' Nikachoka, nikaachia."

"Kabla hajakaza nati?"

"Nilijuaje mimi?"

"Basi upepo umerudi wote," alisema fundi taratibu. Akamgeukia Keki. "Kwa nini hukuniita?"

"Ulisema nakuita klachi ikilala tu." Alijifuta machozi kwa aproni. "Nikataka nilitengeneze gari mwenyewe. Likipona ndiyo nikupigie. Nikuite bure, bila ubovu wowote."

Fundi akaanza kulifungua gazeti la silinda.

"Baba," mama alimwambia, "wivu ni chumvi. Wewe umemwaga kopo zima." Akarudi ndani akichechemea.

Fundi akavua shati jeupe alilovalia msamaha, akaingia chini ya gari, akafunga silinda mpya. Keki akavuta kiti mbele, akakaa.

"Kanyaga," ilisema sauti kutoka chini ya gari.

Pedali haikusogea.

"Keki, kanyaga."

"Sema kwanza."

"Samahani. Nimekukosea, na mama nimemkosea."

"Na wa duka la maua?"

"Mcheke mpaka mchoke. Mimi nitang'ata ulimi."

"Bado."

Spana ilianguka, ikaokotwa. "Basi nikuoe."

"Unaposa ukiwa chini ya gari?"

"Nikitoka huku nitaogopa."

Keki akajishika mdomo asicheke. Kisha pedali ikashuka yote.

"Nimekanyaga."

"Ndiyo jibu?"

"Ndiyo jibu."

"Shikilia. Usiachie mpaka niseme."

Upepo ukatoka, mafuta yakafuata, fundi akakaza nati. Lakini hakusema achia. Alilala pale chini, anatazama matope ya giaboksi na kutabasamu peke yake.

"Wewe fundi!" mama alipaza sauti kutoka dirishani. "Mwambie mwenzako aachie, mguu utamfa ganzi! Mimi yamenikuta!"