Dengu na Kijiti

Du! Du! Du! Sauti ya mchi ilimfikia Wubalem gizani, kabla hajaona hata ncha ya kidole chake. Alijua huo ni mkono wa mama yake, na alijua pia kwamba mama hatwangi kahawa alfajiri namna ile ila kukiwa na wageni.

"Amka, binti. Wazee watafika jua likichomoza."

Wubalem, msichana wa miaka kumi na miwili, aliwasha moto, akafagia zizi, akawatilia majani Bora na Dalecha, maksai wawili wa nyumba ile. Kisha akabeba mtungi kwenda kijitoni. Huko alimkuta rafiki yake Tiringo, ambaye mdomo wake haulali.

"Eti leo mnagawana mpaka paka? Kichwa kwa baba, mkia kwa mama!"

"Paka ni wangu," alisema Wubalem.

"Na wewe je, wa nani?"

Wubalem alijaza mtungi wake, akajitwika, akaondoka. Baba yake, Desalew, alikuwa amehamia kwa bibi mzaa baba tangu mavuno. Wazazi wake hawakupigana. Waligombana tu mpaka wakachoka, wakakubaliana kuachana. Leo ilikuwa siku ya kugawa mali na madeni.

Alipofika nyumbani, mama yake, Enanye, alimvuta karibu na meko.

"Wazee watatuita tupige kura ya mashamba. Kura yangu ni punje ya dengu, ya baba yako ni kijiti. Wewe ndiye utakayeweka. Dengu iweke juu ya bonge jeusi la udongo, lile la shamba la chini. Umesikia?"

Wubalem alishtuka. Kijijini kwao, kura iliwekwa na mtoto asiyejua ipi ni ya nani, ndiyo maana hakuna aliyebisha baada yake.

"Lakini mama, anayeweka hatakiwi kujua."

"Ukuta wa mawe wa shamba la chini niliujenga kwa mikono yangu, nikiwa na wewe tumboni. Vitunguu saumu ninavyolima pale ndivyo vinavyokununulia madaftari. Nikitupwa kule juu kwenye ukame, tutakula mawe?" Macho ya mama yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi peke yake.

Wazee watatu walifika, wakaketi uani juu ya ngozi za kondoo. Baba alikaa upande mmoja, mama upande wa pili. Msemaji wao alikuwa Gashe Ayalneh, kama walivyomwita kwa heshima, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Wubalem alibaki ndani, lakini masikio yake yalikuwa nje.

Nyumba walimwachia mama, kwa kuwa ndiye atakayekaa na mtoto. Baba akapewa mabati na mbao za ghala. Kila mmoja akapata maksai mmoja, mama Bora, baba Dalecha. Likaja deni: magunia manne ya tefu, nafaka ya kupikia mkate wao wa injera, waliyokopa kwa jirani mwaka ule mvua ya mawe ilipoangusha mazao.

"Hilo ni lake," baba alisema. "Yeye ndiye aliyekwenda kukopa."

"Na injera yake nani aliila, Desalew? Mimi?" Gashe Ayalneh aliuliza. Wazee wakacheka. "Mlikula pamoja, mtalipa pamoja. Mawili yako, mawili yake. Haya, kuna kitu hakijatajwa?"

Baba alitazama chini. Mama alitazama chini.

"Basi mwiteni mtoto."

Wubalem alitoka. Kwenye ungo kulikuwa na mabonge mawili ya udongo. Jekundu lilikuwa shamba la juu, kubwa lakini kavu. Jeusi lilikuwa shamba la chini, dogo lakini karibu na maji. Gashe Ayalneh akamtia viganjani dengu na kijiti.

Dengu ilikuwa nyepesi, lakini mkono wake ulikataa kwenda. Alimwona mama amefumba macho. Alimwona baba akimtazama kwa utulivu, akimwamini. Kuaminiwa kule ndiko kulikomchoma.

"Siwezi, Gashe."

"Mkono unauma?"

"Najua dengu ni ya nani."

Baba akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Enanye! Unamfundisha mwanangu wizi, tena mbele ya wazee?"

Mama alijifunika uso kwa shela. "Kweli, nimemwambia mimi. Asiguswe mtoto. Niliogopa, Desalew. Shamba lile ni jasho la mgongo wangu. Nilipaswa kusema hivyo hapa mbele ya wazee, nikaficha."

Baba alibaki wima, ngumi imekunjwa. Akamtazama binti yake, aliyesimama na dengu bado mkononi. Ngumi ikafunguka polepole. Akaketi.

"Gashe, ongeza ng'ombe mmoja, mtamba," alisema kwa sauti ndogo. "Yuko bondeni kwa mfugaji anayetutunzia, nasi tunagawana naye ndama. Mimi pia nilinyamaza."

"Loo!" Gashe Ayalneh alipiga paja. "Kumbe tulikuwa tunagawa nusu ya mali, na watu wazima wanatutazama tu! Mzee hapa ni huyu binti, sisi tumeleta ndevu tu."

Hata mama alicheka, machozi yakimtoka.

Baba akaendelea, "Kura ya nini sasa? Mawe yale nilimwona akiyabeba. Achukue shamba la chini. Mimi litanitosha lile la juu."

"Na ndama wa mtamba?" aliuliza Gashe Ayalneh. "Huruma yako ni nzuri, Desalew, lakini mimi nagawa mali."

Wakakubaliana: mfugaji akishachukua fungu lake, ndama wa kwanza awe wa mama, wa pili wa baba, na hivyo hivyo kwa zamu. Mama akamimina kahawa. Kikombe cha baba alikitia chumvi kidogo kama anavyopenda, naye akashukuru.

Kisha mama akamkumbatia Wubalem. "Ahsante, mwanangu. Kura ile ya hila ingenipa shamba, lakini kila nikilima ningekuwa nageuka kuangalia nyuma. Haki ya mtu huombwa mchana, kwa kuitaja. Mimi nimejifunza kwako; wewe usije ukaisahau."

Wubalem aliitia dengu mfukoni. Lakini jambo moja lilimkera.

"Baba, maksai mmoja havuti jembe. Bora peke yake atalimaje? Na Dalecha?"

Baba aliweka kikombe chini. Akageuka, akamkabili mama mbele ya wazee wote.

"Enanye, mvua ikianza, nitamleta Dalecha. Tutawafunga nira moja na Bora, na tutaanza na shamba lako."