Nani Alifungua Breki Zangu

Nilikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini.

Nikakanyaga tena. Hakuna kitu...

Tulikuwa tunashuka milima ya Ileje, tunarudi nyumbani Vwawa. Nyuma alikaa mama mkwe wangu, amempakata mwanangu Jastin wa miaka mitatu. Mbele yetu kona kali, kushoto ni bonde tupu.

"Mama Jastin, mbona hupunguzi mwendo?" mama akauliza.

Nikashusha gia, nikavuta handbreki, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kulia. Tukausaga ule udongo, kioo cha pembeni kikang'oka, mpaka tukasimama.

Jastin analia. Mama anasali kwa Kindali.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hofu ilipita haraka. Kilichobaki ni hasira, kwa sababu breki zile nilizifunga mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi magari Tunduma, nimekua nikimshikia spana. Wiki mbili kabla nilinunua diski mpya za breki za mbele, nikapiga jeki hapo hapo uani kwangu, nikatoa za zamani zilizolika, nikafunga mpya. Kila boliti niliikaza, nikairudia. Gari likawa linasimama safi kabisa.

Nikampigia mume wangu Amoni, yuko kazini Tunduma. Alikuja na gari la rafiki yake. Wakati huo wapita njia walishajaa.

Hakuuliza kama mtoto kaumia. Alianza hivi, mbele ya watu wote:

"Nilikwambia breki siyo kazi ya mwanamke. Ulitaka kuniulia mama yangu."

Watu wakatikisa vichwa. Mama mkwe akaniangalia, sijawahi kuangaliwa vile tangu niolewe.

Jamani, kidogo nikubali kwamba ni mimi...

Nikachukua jeki.

"Acha, tutaita fundi," Amoni akasema haraka.

"Sogea."

Nikatoa tairi. Kalipa, kile chuma kinachobana diski, kilikuwa kinaning'inia. Boliti moja haipo, na mpira wa oili ya breki umekatika. Lakini kilichonikata pumzi ni diski yenyewe. Nyembamba, ina mifereji, kutu pembeni.

"Hii siyo diski niliyofunga."

"Umeanza," Amoni akacheka. "Diski zinajibadilisha zenyewe?"

Nikawaza diski hiyo imetoka kwenye gari gani. Kwenye ukoo wao kuna mtu mmoja tu mwenye gari kama langu. Ezron, mdogo wake Amoni, anakaa Mpemba, njia hiyo hiyo ya kurudi.

Gari langu tukaliacha pale, tukapanda alilokuja nalo Amoni. Nikasema tupitie kwa Ezron.

"Mama amechoka, twende nyumbani," Amoni akasema.

Mama mkwe akajibu kutoka nyuma: "Sijachoka. Pitia."

Tulimkuta Ezron anaosha gari. Nikainama, nikachungulia kwenye matundu ya rimu. Diski zinang'aa kama kioo.

"Ezron, hizi umezitoa wapi?"

Akamwangalia kaka yake kwanza.

"Shemeji... si kaka alisema umekubali? Nilikuwa na ukaguzi wa gari. Alinikopesha za kwako siku chache, nikampa za kwangu. Tulibadilisha Jumapili, ulipokuwa kanisani."

"Nani alifunga kwenye gari langu?"

"Kaka mwenyewe."

Nikamgeukia mume wangu.

"Boliti iko wapi, Baba Jastin?"

"Ilikuwa imekwisha meno," akasema taratibu. "Nilipanga kununua nyingine."

"Asubuhi nilikupigia, nikakuaga kwamba nampeleka mama Ileje kumwona dada yake. Ulijua boliti haipo?"

Akageuka kulitazama gari la Ezron.

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini si nilikwambia uendeshe taratibu?"

Nyie, yaani mtu alijua! Alijua mkewe, mwanawe na mama yake mzazi wanapanda gari lisilo na boliti, akaogopa kuumbuka kuliko kutuzika.

Nilitaka kupasuka, mama mkwe akaniwahi. Aliteremka polepole, akasimama mbele ya Amoni.

"Mimi nimekuzaa," akasema. "Ukaniacha nipande lile gari. Halafu ukamtukana huyu aliyenitoa mzima."

Amoni akafungua mdomo.

"Nyamaza. Ezron, leta jeki."

Nikafungua diski zangu pale pale, mchana kweupe, majirani wanatazama. Mama mkwe ndiye aliyenishikia boliti kwenye kitenge chake. Gari la Ezron tukaliacha juu ya matofali.

Ni mwezi wa pili sasa. Amoni ameomba msamaha mara nyingi, chumbani, kwa sauti ndogo. Nimemwambia alinitukana mbele ya watu, basi aombe mbele ya watu. Hajaweza bado. Mama mkwe amehamia kwetu, na akitaka kwenda popote anasubiri niendeshe mimi.

Wenzangu, kosa la boliti ningelisamehe siku ile ile, kila fundi hukosea. Ila mtu anayejua gari lako ni bovu, akakuaga kwa upole na kukuacha uondoke, huyo usimpe tena funguo zako.