Faili Lisilo na Mwenyewe

Kipimo cha tano kilikataa. Mara nne diski ilikuwa imeandika megabaiti mia nne kwa sekunde. Mara hii, kwa mipangilio ile ile, ikaandika mia mbili na kumi. Palikuwa na mwingine aliyekuwa akiitumia.

Fundi akachomoa waya wa mtandao. Ilikuwa adhuhuri, naye yuko peke yake kwenye chumba cha mashine, chini kabisa ya ofisi ya kumbukumbu. Wenzake wote walikuwa juu wanakula. Mwezi wa tatu huo tangu apewe kazi: abadilishe mpangilio mmoja wa mfumo wa mafaili, apime kasi, aandike, abadilishe mwingine. Kazi ya kimya, na ndivyo alivyoitaka, kwani tangu mumewe azikwe hakupenda kuulizwa hali. Ila kunyamaza siku nzima kulimshinda, basi alikuwa akiongea na mashine.

Akapima tena. Mia mbili na kumi. Chumba kile kikavu kikaanza kunuka udongo uliotoka kuchimbuliwa.

Akatafuta, akaliona: faili lisilo na jina la mwenyewe, linakua mbele ya macho yake. Akalifungua, na ndani yake yalikuwamo maneno yake, kila alichowahi kusema humo, hata siku aliyokiri kwamba ameanza kuisahau sauti ya mumewe, na chini ya kila neno palikuwa na jibu, la upole, la mtu aliyesikiliza, na mstari wa mwisho ulikuwa bado unaandikwa, herufi moja moja, ukisema: geuka basi, nimechoka kuutazama mgongo wako.

Hakugeuka. Alifumba macho, akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

Kesho yake alimleta shangazi yake, mtaalamu wa kutoa majini.

"Uliwahi kuongea naye?" shangazi alinong'ona nje ya mlango.

"Sikujua kama yupo."

"Sijakuuliza hilo."

"Kila jioni nikitoka nilikuwa naaga. Nasema, tutaonana kesho."

Shangazi akashusha pumzi. "Basi ulimpa ahadi."

Aliingia peke yake. Fundi akamsikia akisema, akinyamaza kama anayesikiliza, akisema tena. Kisha feni za mashine zote zikanguruma kwa pamoja, zikatulia. Shangazi akatoka kalowa jasho.

"Pima."

Mia nne. Faili halikuwepo.

Kwenye ngazi fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Amesemaje?"

"Kwamba hakutaka kukudhuru. Kwamba miaka yote aliyokaa humo hakuna mwingine aliyewahi kumuaga."

Fundi akafuta machozi kwa kiganja. Shangazi akamshika mkono kwa nguvu.

"Usilie, mwanangu. Hajafika mbali. Akisikia unamlilia atarudi, na safari hii hataingia kwenye mashine."

Fundi akajiziba mdomo kwa mtandio, akapanda ngazi zilizobaki mabega yakimtetemeka, bila kutoa sauti.