Sikudhani na Pampu ya Shule

Kila siku, vipindi vya mchana vilipokwisha, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Iguguno walichukua ndoo na kwenda kumwagilia bustani ya mchicha na chainizi. Mboga hizo ndizo zilizopikwa kwa chakula cha shuleni. Maji yalivutwa kutoka kisimani kwa pampu ya sola. Pampu ikivuma, maji yanatoka bombani; ikinyamaza, hakuna hata tone.

Rahabu aliipenda sana kazi hiyo kwa sababu ya mazungumzo. Alikuwa mcheshi, na wenzake walimzoea kwa utani wake.

Muhula huo akaja mwanafunzi mgeni, Sikudhani, aliyehamia kutoka Itigi. Siku yake ya kwanza bustanini alikinga ndoo, maji yakatoka kidogo, kisha pampu ikanyamaza. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

"Huyu ana gundu," Rahabu alisema. "Akifika tu bombani, maji yanakimbia."

Watoto wakacheka. Sikudhani naye alicheka, ila kidogo tu.

Pampu iliendelea kuzimika kila mchana, na utani ukachukuliwa kuwa kweli. Mvulana mmoja aitwaye Hezekia alimnyang'anya Sikudhani ndoo na kumwambia akae mbali na bomba. Chainizi zikaanza kunyauka. Baadhi ya watoto hawakutaka hata kuketi naye dawati moja.

Siku moja, katika kipindi cha sayansi, Mwalimu Naftali aliwafundisha jinsi paneli za sola zinavyotengeneza umeme.

"Mwanga wa jua huja kwa chembe ndogo mno ziitwazo fotoni," alisema. "Fotoni ikiingia kwenye paneli inaweza kung'oa elektroni kutoka mahali pake. Elektroni nyingi zikitembea, huo ndio umeme wetu. Lakini sikilizeni ajabu yake. Fotoni moja ikifika, hakuna mtu duniani awezaye kusema kwa hakika kama itang'oa elektroni au itapotea bure. Wanasayansi wanajua uwezekano wake tu."

Hezekia akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, kuna mambo yanatokea bila sababu? Kama gundu la Sikudhani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Hapana," alijibu. "Fotoni moja hatuwezi kuitabiri, lakini zikija nyingi mno, hesabu yake haiyumbi. Jua likiwaka, umeme unatoka. Mwanga ukizibwa, umeme unakatika. Kwanza sababu, ndipo matokeo. Na ukisema kitu fulani ni sababu, kiondoe uone kama matokeo nayo yataondoka. Nani amefanya hivyo kwa Sikudhani?"

Baada ya kipindi, Rahabu alimkuta Sikudhani akifunga begi lake polepole.

"Nitamwomba mama anirudishe Itigi kwa bibi," Sikudhani alisema. "Labda maji ya huku hayanitaki."

Rahabu aliona aibu. Neno la gundu lilikuwa limetoka kinywani mwake yeye, si kwa mtu mwingine.

"Usimwambie mama yako chochote leo," alimsihi. "Mchana ukae hapa hapa darasani. Usije bustanini kabisa."

Sikudhani akakubali, ingawa hakuelewa.

Mchana Rahabu alikwenda bombani na wenzake. Maji yalitoka kidogo, kisha pampu ikanyamaza kama kawaida.

"Sikudhani yuko darasani," Rahabu aliwaambia. "Sasa gundu ni la nani?"

Rahabu akazunguka hadi uzio wa kisima, zilipofungwa paneli juu ya fremu ya chuma, karibu na ardhi. Paneli mbili zilikuwa zimefunikwa na kivuli kipana. Akainua macho. Upande wa machweo lilisimama tangi jipya juu ya mnara wake, likisubiri kuunganishwa mabomba. Lilipandishwa wiki ile ile aliyohamia Sikudhani.

Alikimbia hadi ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Nadhani nimeipata sababu: ni kivuli cha tangi jipya."

"Marahaba. Unadhani, au umehakikisha?"

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa kali, kivuli cha tangi kikiwa upande mwingine na pampu ikivuma vizuri, Mwalimu Naftali aliwaita wote kisimani. Alimpa Sikudhani kanga akamwambia afunike paneli zile mbili. Pampu ikanyamaza. Sikudhani alipoiondoa kanga, pampu ikavuma tena na maji yakamwagika ndooni. Watoto wakaomba arudie, akarudia huku akicheka kwa sauti, mara hii kwa moyo wote.

Rahabu akasogea mbele ya wenzake. "Mimi ndiye niliyeanzisha maneno ya gundu. Nilitaka kuchekesha tu, lakini nilikuumiza. Nisamehe, Sikudhani."

"Nimekusamehe," Sikudhani alijibu. "Ila leo utanibebea ndoo."

"Na mimi nitakubebea," Hezekia aliongeza huku akitazama chini.

Mwalimu mkuu alimwita fundi, naye akazihamisha paneli hadi mahali ambapo kivuli cha tangi hakifiki. Mchana wa siku hiyo pampu haikuzimika, na bustani yote ilipata maji.

Kabla hawajaondoka, Mwalimu Naftali aliwakusanya kando ya matuta.

"Mambo mawili yakitokea pamoja, msikimbilie kusema moja limesababisha lingine," aliwaambia. "Tangi lilikuja, na Sikudhani alikuja, wiki ile ile. Ninyi mkamchagua Sikudhani kwa sababu ni mgeni na hana wa kumtetea. Kuhamisha paneli kumetuchukua saa chache tu. Lakini mtoto mwenzenu angeondoka shuleni na aibu isiyo yake, nani angeweza kuirekebisha? Kwa hiyo chunguzeni kwanza, ndipo mseme. Na mkikosea, semeni mmekosea, kama Rahabu alivyofanya leo."