Kibuyu cha Jerono

Kila asubuhi Nabwile alifagia darasa lao pale Kitale huku akikariri hotuba yake. Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa, naye ndiye aliyechaguliwa kueleza habari za Martin Luther King, yule Mmarekani mweusi aliyeuawa akitetea usawa. Alikariri akifagia chini ya kila dawati, isipokuwa la Jerono, msichana mgeni darasani. Hilo alilipita tu.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2008. Familia ya Jerono ilikuwa imekimbia vita vya Mlima Elgon. Nabwile naye alikuwa amehamia kutoka Kabuchai na maneno ya majirani masikioni: "Watu wa mlimani usiwaamini, hata wakicheka." Basi alimchunga Jerono kama kuku mwenye vifaranga anavyomchunga mwewe.

Siku moja, akienda kuteka maji, alichungulia uani kwa kina Jerono. Lo! Msichana alikuwa akisugua ndani ya kibuyu kwa kijiti chenye makaa, unga mweusi ukabaki humo, kisha akamimina maziwa. Nabwile akaondoka mbio.

"Levi, Jerono ametia sumu kwenye maziwa! Nimeona kwa macho yangu," alimnong'oneza mwenzake darasani.

"Wacha bana! Si hayo ndiyo maziwa atakayoleta siku ya wazazi?"

"Ndiyo maana!"

Lisemwalo lipo, wakaambiana, na uvumi ukaenea darasa zima.

Ijumaa Nabwile alitoa hotuba, akapigiwa makofi. Kisha Jerono akaanza kugawa maziwa, kwanza kwa wenzake. Yalikuwa ya kijivu. Kila mwanafunzi alirudisha mikono nyuma.

"Kuna nini?" Mwalimu Agneta akauliza.

"Ameweka sumu, Mwalimu. Nilimwona," Nabwile akasema.

"Ulimwuliza ni nini?"



"Ni mkaa wa mti," Jerono akasema akilia. "Huhifadhi maziwa, yanukie vizuri. Nyanya alinifundisha. Nilitaka tu mnipende!"

Mwalimu Agneta akachukua kikombe, akakimaliza.

"Nabwile, umemsifu King vizuri sana. Kwao kazi yake haijaisha, na hapa kwetu ndiyo kabisa. Vita vilivyomfukuza Jerono havikuanza kwa bunduki. Vilianza kwa majirani waliochunguliana bila kuulizana."

Aibu ilimjaa Nabwile mpaka machozi yakamtoka. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nisamehe, Jerono. Nipe nami."

"Huogopi?"

"Naogopa," Nabwile akakiri, kisha akanywa.

"Sasa hiyo ndiyo hotuba," Mwalimu Agneta akasema.