Sura ya Musyimi Ukutani

Siku ya soko, mjini Tawa, hata upepo hupita kwa kuomba njia. Kati ya mbuzi waliolia, wauza nyanya waliowashinda mbuzi kwa kelele, na mhubiri aliyekuwa akigombana na spika yake mwenyewe, Syokau alikuwa juu ya ngazi akichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokwisha kula rangi zote za dunia, kichwani kitambaa chekundu cha kitenge, na nyuma ya sikio brashi ndogo.

"Dada, huyo ng'ombe ni wa wapi?" sauti iliuliza kutoka chini.

"Wa hapa hapa."

"Basi ni mgonjwa. Ana magoti ya ngamia."

Syokau aligeuka na matusi tayari mdomoni. Chini alisimama kijana mrefu, shati la drafti limepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia sukuma wiki kwa mikunjo yake, viatu vinang'aa kiasi kwamba jogoo mmoja alikuwa amesimama akijitazama humo.

"Na wewe unajua ng'ombe kuliko mimi?"

"Mimi ni wa Kabati. Huko ng'ombe tunalala nao."

"Ndiyo maana nimesikia harufu kabla sijasikia sauti."

Yule kijana alicheka kwa tumbo lote. Syokau akageukia ukuta, akajikuta hajui tena alitaka kuchovya rangi gani. Kufikia saa ya chakula walikuwa wamekaa hotelini mbele ya sahani moja ya muthokoi wa mahindi na maharagwe, na jina lake alishalijua: Musyimi.

"Unafanya kazi gani, Musyimi wa Kabati?"

"Ya serikali."

"Chifu?"

"Mwanajeshi. Likizo ikiisha, naenda Somalia."

Kijiko cha Syokau kilisimama hewani. "Vitani?"

"Kulinda amani."

"Amani gani hiyo inalindwa na mtu amebeba bunduki?"

"Maliza chakula, Msanii," alisema Musyimi, na tangu hapo hakumwita kwa jina lingine.

Likizo ikaisha kama sukari kwenye nyumba ya watoto. Wakabaki na simu. Ng'ambo ya mpaka mtandao ulipatikana juu ya tangi la maji tu, kwa hiyo mapenzi yao yalipandiwa ngazi.

"Afande, umekula?"

"Nimekula githeri. Wewe?"

"Nimekula hamu."

"Wacha! Leo umechora nini?"

"Jino. La daktari wa meno wa Mbumbuni. Kubwa kama jeneza."

"Usiniambie habari za majeneza, mpenzi."

Kila mara nyuma yake sauti nyingine ilidakia: "Shemeji! Mwambie huyu aache kuimba bafuni, adui wanajua tuko wapi!" Huyo alikuwa Kiilu, mwana wa Matiliku, rafiki wa chanda na pete wa Musyimi. Syokau hakuwahi kumwona, lakini alikuwa ameshampenda kama kaka.

Halafu mtandao ukapotea. Si kwa siku, kwa majuma. Syokau alipiga, akajibiwa na yule mama wa "mteja hapatikani" mpaka akaanza kumchukia kama mke mwenza. Akafungua picha pekee aliyokuwa nayo: Musyimi amekunja macho kwa jua. Kile kishimo cha shavuni kilikuwa upande gani? Kulia? Alifumba macho amtafute, na sura ikamteleza kama samaki. Hapo ndipo alipoogopa.

Alikuwako Tawa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mzee Abdulatif, ambaye babu zake walitoka pwani na hawakuwahi kurudi kwa sababu ya uzuri wa asali ya huku. Alikuwa na ukuta mrefu unaotazama soko.

"Binti yangu, nichoree misumari hapo."

"Mzee, nichore kitu cha amani kwanza. Misumari nitakuchorea bure baadaye."

Abdulatif alikuna ndevu. Redioni habari ilikuwa vita, kisha vita, kisha michezo. "Chora," akasema. "Misumari haiozi."

Akamchora Musyimi, mkubwa kuliko mlango. Akampa sare za jeshi, viatu vyake vya kung'aa, na kishimo upande wa kushoto, maana mkono ulikumbuka kile ambacho macho yalisahau. Alipofika kwenye mikono alichora bunduki kwa chaki, akaitazama, akaifuta kwa kiganja. Akaiacha mikono mitupu, imenyooshwa mbele, kama ya mtu anayefika nyumbani na kuna wa kumpokea. Chini hakuandika neno. Kwa Syokau ilikuwa wazi kabisa.

Kwa Tawa haikuwa wazi hata kidogo.

"Huyu anagombea kiti gani?" aliuliza muuza miwa.

"Hagombei. Hana namba ya simu wala chama."

"Basi amekufa."

Na hiyo ndiyo sheria ya kuta zetu: sura ya mtu ikipanda ukutani, ama anataka kura ama anahitaji maombi. Mulwa, mnunuzi wa ndengu kutoka Kabati, ndiye aliyemtambua. Alivua kofia.

"Ni kijana wa Mwaitu, mama yetu Muthoki! Na ona, wamemnyang'anya bunduki. Mwanajeshi hanyang'anywi bunduki akiwa na pumzi."

Alifika Kabati kabla ya ndengu zake.

"Lakini jeshi halijatuambia kitu," Muthoki, mama yake Musyimi, alisema.

"Mwaitu, serikali huchelewa. Rangi haichelewi."

Muthoki akapiga simu ya mwanawe. Mteja hapatikani. Yowe lake lilivuka vilima. Kufikia jioni akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani na sufuria, na mbuzi watatu, wale Musyimi aliowaweka kwa shughuli aliyoijua yeye, walikuwa mchuzi.

Habari ikapiga kona ikarudi Tawa. Kanini, muuza chipsi na rafiki wa Syokau, alipokea simu kutoka kwa binamu yake, akaacha viazi viungue.

"Syokau, keti chini."

"Nini?"

"Kabati kuna matanga. Kwa kina Musyimi."

Syokau hakuketi. Hakuuliza ni nani aliyeleta habari. Alikwenda Kabati na ovaroli yake, rangi ya ngozi ya Musyimi ikiwa bado kwenye kucha. Alianguka miguuni pa Muthoki, mama ambaye hakuwahi kuonana naye, wakalia pamoja. Mtu akampa bakuli la supu, akanywa bila kujua ananywa nini.

"Ulikuwa mpenzi wake?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Pole, mwanangu. Angalau huko kwenu Tawa walimpa heshima. Wamemchora ukuta mzima."

Syokau aliinua kichwa. "Mlijuaje amekufa?"

"Si huo ukuta?"

Bakuli lilianguka. Akawatazama wale akina mama wote, na Mulwa aliyekuwa kwenye bakuli la tatu.

"Huo ukuta ni wangu," alisema. "Nilimchora mimi. Nilikuwa na hamu naye tu."

Uani pakanyamaza mpaka kuku wakaogopa. Wengine walianza kucheka, wengine kuimba, mmoja akauliza kama waendelee kupika. Ndipo simu ya Syokau ilipolia.

"Afande! Uko hai! Uko hai, mpenzi wangu!"

"Niko hai," alisema Musyimi. Sauti yake ilikuwa kama kitu kilichobebwa mbali sana. "Kiilu ndiye hayuko. Bomu la barabarani. Wakati mnanililia mimi, nilikuwa nimembeba yeye."

Syokau aliketi chini palepale, kati ya sufuria.

"Mtandao umerudi leo, nikakuta nimetumiwa hiyo picha yako na habari za matanga. Umeniacha bila bunduki mbele ya soko zima. Wenzangu wananiuliza, huyo mwanamke anakutakia mema?"

"Nilikuchora vile nataka urudi. Mikono mitupu, uweze kunishika."

"Huku mikono mitupu ni kifo! Chora bunduki."

"Mkono wangu hauchori bunduki, Musyimi."

"Basi nifute, Syokau."

Alimwita kwa jina. Simu ikakatika, na safari hii haukuwa mtandao.

Akarudi Tawa. Zaidi ya mara moja alisimama mbele ya ukuta na kopo la rangi nyeupe, akarudi nyumbani na kopo limejaa. Alichora nyanya za watu, akachora kuku, akachora kinyozi, na kila kinyozi alitoka na kishimo shavuni. Alipiga simu. Haikupokelewa. Sasa hakuwa na wa kulaumu. Hata yule mama wa "hapatikani" alikuwa afadhali, maana huyo hakuwa amekasirika.

Mwanamke mmoja akaja kutoka Matiliku, leso nyeusi begani, kitambulisho mkononi.

"Wewe ndiye unachora askari?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Mimi ni mama Kiilu. Nimezika sanduku lililofungwa. Walinikataza kufungua." Akamnyooshea kitambulisho. "Nichoree uso wake nimuage."

Syokau aliipokea ile picha ndogo. Kumbe alikuwa na pengo la meno, yule aliyekuwa akimwita shemeji.

"Mwaitu, nimpe bunduki?" aliuliza polepole, maana maneno ya Musyimi yalikuwa bado yanamchoma.

"Bunduki ni ya serikali, walishaichukua. Mikono ni yangu. Mimi ndiye niliyeizaa."

Ukuta ulikuwa mmoja. Syokau alifungua kopo jeupe akaanza na viatu vya Musyimi, akapanda taratibu, akayaacha macho mpaka mwisho. Mzee Abdulatif alitoka dukani, akaona, akarudi ndani. Juu ya weupe ule akamchora Kiilu akicheka na pengo lake lote, mikono wazi. Mama yake alizungumza naye mpaka soko likafungwa.

Wengine wakaja. Shufaa akatoka Kitui mjini na picha ya kaka yake, dereva wa lori aliyepigwa risasi njia ya mpakani. "Hata hakuwa askari," alisema. "Alikuwa amebeba vitunguu." Naye akapata nafasi. Misumari ya Abdulatif ikaendelea kungoja, na watu wakaanza kupita pale kwa sauti ya chini, hata yule mhubiri.

Basi siku moja ya soko Syokau alikuwa akimalizia kola ya mtu, akasikia viatu vikisimama nyuma yake.

"Mimi niko wapi?"

Hakugeuka. "Ulisema nikufute."

"Tangu lini unanitii?"

"Tangu uliponiita kwa jina."

Musyimi alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile lile la drafti, lakini pasi haikuwa imeliona. Alimtazama Kiilu wa ukutani kwa muda mrefu.

"Alikuwa nayo, Msanii," alisema. "Bunduki. Aliishika mikono yote miwili. Haikumsaidia kitu. Nilijua hivyo hata nikikufokea."

Mama Kiilu, ambaye sasa alikuja kila siku ya soko kukaa mbele ya mwanawe, alinyanyuka kwenye kibao chake. Akamshika Musyimi mikono, akaigeuza viganja juu, akaikagua kama mama anayekagua mtoto kabla ya chakula.

"Mizima," alisema. "Nenda ukaoe."

Syokau akageuka hatimaye. Machozi yalikuwa yamechanganyika na rangi ya kahawia.

"Nilikuwa na mbuzi wa ntheo," alisema Musyimi, "wale ambao bila hao Mkamba hajaoa, hata akifunga harusi kwa ndege. Naambiwa mliwala."

"Mimi nilikunywa supu tu."

"Ilikuwaje?"

"Chumvi nyingi. Tulikuwa tunalia."

Akacheka, kwa tumbo lote, kisha kicheko kikavunjika katikati na akamshika, palepale mbele ya soko, rangi ikahamia kwenye drafti.

"Nitanunua wengine. Nimebakiza safari moja, halafu natoka jeshini. Nimeshaandika barua. Utaningoja?"

"Nitakungoja."

"Basi nirudishe ukutani, watu wajue niko."

"Hapana." Alimfuta shavu kwa kidole gumba, kwenye kishimo. "Wale wa ukutani nimeshawaaga. Wewe sikuagi."

Alipoondoka, tangi la maji likapandwa tena, na Syokau akarudia kulala na simu sikioni. Kuna majuma inalia, kuna majuma hailii. Hayo ambayo hailii, Kanini humletea chipsi, na wauza miwa hupita mbele ya duka la Abdulatif wakiwa wamenyamaza, wanatazama sura moja baada ya nyingine mpaka kwenye kona. Wakiona Musyimi hayumo, wanaanza kuuza.