Darubini Ndefu ya Mara Mia Tano

Kila Jumamosi Priyanka aliwahi dukani pamoja na baba yake, Bwana Natwarlal, aliyeuza redio na kamera mjini Kisii. Alipanguza kabati za vioo, akapanga betri, kisha akahudumia wateja. Kwa msichana wa darasa la saba, kusimama nyuma ya kaunta kulikuwa fahari kubwa. Baba alikuwa na sharti moja: kitu hakitoki dukani kabla ya kujaribiwa kwa kazi kitakayofanya. Hata tochi iliwashwa mbele ya mnunuzi.

Jumamosi moja ya Septemba 1997, baba akiwa ameenda posta, Mwalimu Tryphosa aliingia kutoka Sironga pamoja na Alfayo, kiongozi wa chama cha sayansi shuleni kwao. Jumanne usiku mwezi ungepatwa, na wanafunzi walitaka kuupiga picha. Walihitaji darubini ya kufungia kamera ya shule.

Dukani kulikuwa na darubini ndefu mbili za kumeremeta, zenye miguu myembamba, na fupi moja nene yenye miguu mizito. Alfayo aliikumbatia moja ya zile ndefu.

"Mwalimu, boksi linasema inakuza mara mia tano! Tuchukue hii!"

"Priyanka, mmeijaribu na kamera?" Mwalimu aliuliza.

Wapi! Alikuwa ameichungulia tu, akasoma bango la ng'ambo ya barabara. Lakini alitamani baba arudi akute ameuza kitu kikubwa peke yake.

"Ndiyo, Mwalimu. Iko sawa kabisa." Wakalipa, wakaondoka nayo.

Jioni hiyo wasiwasi ulimzidi. Alifunga kamera ya baba kwenye ile ndefu iliyobaki, akaielekeza mwezini. Loo! Kamera iliielemea, nyuma ikashuka, miguu ikatetemeka, na mwezi ukawa unacheza ndani ya kioo. Picha gani ingetoka hapo? Na mwezi usingewangoja watoto wa Sironga.

Jumapili aliwaza la kufanya. Akisema, baba atamwondoa kwenye kaunta. Jumatatu alifungua mdomo mara mbili, akaufunga. Jumanne jioni alipitia dukani kutoka shuleni, wakanywa chai, baba akamtazama.

"Mbona hata chapati hugusi?"

"Papa, nilidanganya!" Akaangua kilio, akaeleza yote.

Baba hakugomba, na hilo lilimtisha zaidi. Alifunga duka, akapakia ile darubini fupi kwenye pikapu. "Mwalimu utamwambia wewe mwenyewe," alisema.

Walifika Sironga giza likiingia. Uwanjani wanafunzi walikuwa wamemzunguka Alfayo, jasho likimtoka.

"Inatikisika, Mwalimu! Hata nikipumua inatikisika!"

Priyanka alisimama mbele yao. "Mwalimu, niliwadanganya. Sikuijaribu na kamera."

"Yaani ulijua?" Alfayo aliuliza kwa hasira.

"Nilijua tangu Jumamosi jioni. Nisameheni."

Baba alikuwa tayari anafunga kamera kwenye darubini fupi. Alfayo alibetua mdomo. "Lakini hii ni ndogo!"

"Kijana, ya kupigia picha lazima itulie ikibeba kamera. Ikitikisika, hizo mara mia tano zinakuza mtikisiko tu. Haya, chungulia."

Alfayo alichungulia. Mwezi ulikuwa umetulia tuli. Kivuli kilipoanza kuula pembeni, alifyatua picha ya kwanza, wenzake wakapiga vigelegele. Mwalimu Tryphosa alimshika Priyanka begani, akamwita naye achungulie.

Wakirudi Kisii, Priyanka aliuliza kwa sauti ndogo, "Papa, Jumamosi nibaki nyumbani?"

"Utakuja kazini," baba alijibu. "Ile darubini mbovu nitairudisha mimi Nairobi, kwa walioniuzia. Uongo wako nisingeweza kukurudishia. Uongo hurudishwa na aliyeusema, mbele ya wale aliowaambia. Leo umeurudisha, tena watoto wa watu wakisikia. Mara nyingine, binti yangu, sema 'sijajaribu' mapema, mteja akiwa bado dukani."